Usidharau salamu, huenda zikaokoa maisha

“Bado u hai?”

“Nasubiri unilipe deni langu!”

Kwa miaka mingi, wanawake wawili wa mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi, wamekuwa wakisalimiana hivyo kwa simu kila siku kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuna deni lolote kati yao. Ni utani ulioanzia katika chama chao cha akina mama, kisha ukageuka desturi.

Asubuhi moja, mmoja wao alipiga simu na kuuliza kama kawaida. Mwenzake alijibu, “Ndiyo,” akanyamaza. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mlevi. Rafiki huyo hakungoja. Alijifunga leso akakimbia hadi kwa mwenzake, akamkuta amelowa jasho, anatetemeka na wala hajui ni siku gani.

Mwanamke huyo anaugua kisukari na hujidunga insulini. Siku hiyo alikuwa amejidunga dawa lakini hakula kiamshakinywa, na sukari ikashuka mno katika damu. Kwa kuwa bado aliweza kumeza, rafikiye alimpa maji yaliyokorogwa sukari, kisha akamleta kwangu. Lau angeachwa peke yake, huenda angezirai na hata kufa.

Nimekusimulia kisa hiki, msomaji, kwa sababu wengi wetu huyaona mazungumzo ya aina hii kuwa porojo za kupoteza wakati. Sivyo.

Anayeijua kawaida yako

Mimi daktari hukutana nawe kwa dakika chache tu, na mara nyingi ukiwa tayari u mgonjwa. Sijui huwa unacheka vipi, unatembea kwa kasi gani wala unapenda utani upi. Rafiki anayekusalimu kila siku anayajua hayo yote. Kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza kutambua kwamba kuna jambo lisilo la kawaida.

Zifikirie baraza za Mji wa Kale, Mombasa, ambapo wazee hukutana jioni kunywa kahawa tungu na kupiga gumzo. Kila mmoja ana mahali pake pa kukaa na hadithi ambayo wenzake wameisikia mara mia. Mmoja akikosekana siku mbili, huulizwa. Akianza kusahau majina ya wenzake, hutambuliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa wacheza drafti wa mtaani na wanaokula nyama choma pamoja kila mwisho wa mwezi.

Mwili nao hufaidika

Mtu mpweke huishi kama aliye macho usiku kucha akihofia wezi. Mwili wake huweza kutoa homoni za wasiwasi kwa muda mrefu kupita kiasi, shinikizo la damu likapanda na usingizi ukapungua. Mazungumzo na watu tunaowaamini huutuliza mwili.

Mnamo 1997, watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo watu 276 wenye afya nzuri walitiwa virusi vya mafua puani. Wale waliohusiana na watu wa aina nyingi, kama vile jamaa, majirani, wafanyakazi wenzao na waumini wenzao, hawakushikwa na mafua kwa urahisi kama wale waliokuwa na uhusiano wa aina chache.

Mwaka 2010, watafiti wengine walijumlisha matokeo ya uchunguzi 148 uliohusu zaidi ya watu 300,000. Waliona kwamba wenye uhusiano thabiti na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa kiasi cha asilimia 50. Nalo Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya sita ulimwenguni husumbuliwa na upweke.

Hii haina maana kwamba salamu ni dawa. Ikiwa umeandikiwa vidonge vya shinikizo la damu, endelea kuvimeza. Gumzo halitibu kisukari, lakini linaweza kumfanya mtu akumbushwe kula baada ya kujidunga.

Ufanye nini?

Kwanza, ukiuliza “Habari?” usikubali “Nzuri” iwe mwisho. Uliza swali la pili: umelala vipi, umekula nini, goti linaendeleaje? Picha ya maua yenye maneno “Asubuhi njema” ikitumiwa watu mia moja kwa simu haimwulizi mtu yeyote jambo lolote.

Pili, dumisheni desturi yenu hata ikiwa ndogo. Kikombe cha chai kila Jumamosi chatosha. Aliyehama au kustaafu asisahauliwe, kwa maana huo ndio wakati ambao wengi hubaki peke yao.

Tatu, zijue dalili za hatari. Ukiona uso wa mwenzako umepinda upande mmoja, mkono umelegea ghafla au maneno hayatoki sawasawa, huenda ni kiharusi. Mpeleke hospitalini mara moja, na ukumbuke saa dalili zilipoanza. Mwenye kisukari akichanganyikiwa na kutoka jasho, mpe kitu chenye sukari ikiwa anaweza kumeza. Aliyezirai asitiwe chochote mdomoni; mlaze kwa ubavu na kumkimbiza hospitalini.

Nne, rafiki aliyekuwa mcheshi akinyamaza kwa majuma mawili, akakosa usingizi au hamu ya chakula, au akasema amechoka kuishi, usimwambie ajikaze. Kaa naye, msikilize, kisha mfuatane kwa daktari.

Yule mgonjwa wangu alipona, na simu za asubuhi zinaendelea. Je, wewe ni nani angetambua kesho asubuhi kwamba sauti yako si ya kawaida? Ukikosa jina la kutaja, mpigie mtu simu leo.