Kanisa Kuu la Kristo, Zanzibar

Kanisa Kuu la Kristo ni kanisa kuu la Dayosisi ya Zanzibar ya Kanisa Anglikana la Tanzania. Liko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, kisiwani Unguja. Ujenzi wake ulianza mwaka 1873 kwenye uwanja wa soko la watumwa, mwaka uleule soko hilo lilipofungwa. Ni mojawapo ya majengo ya Afrika ya Mashariki yaliyofuata mtindo wa Kigothi, ingawa limechanganya mtindo huo na ufundi wa pwani.

Wageni wengi hufika hapo kwa ajili ya historia ya utumwa. Historia hiyo haiishii kisiwani. Miongoni mwa watu waliouzwa pwani na visiwani walikuwamo mateka kutoka Milima ya Usambara, na misheni iliyojenga kanisa hili ndiyo iliyoanzisha kituo cha Magila, chini ya Usambara Mashariki.

Soko la watumwa

Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa makao ya masultani wenye asili ya Omani na kitovu cha biashara ya pembe za ndovu, karafuu na watumwa. Mateka waliletwa kwa majahazi kutoka bandari za bara kama Kilwa, Bagamoyo na Pangani. Wengine walibaki kufanya kazi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine walipelekwa mbali zaidi, hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Mkataba huo haukumaliza utumwa wenyewe. Zanzibar hali ya utumwa iliondolewa katika sheria mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922.

Misheni na ujenzi

Kanisa lilijengwa na misheni ya Waanglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Misheni hiyo ilitokana na hotuba ya David Livingstone katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza lilikuwa Magomero, katika Malawi ya leo, nalo lilishindikana. Mwaka 1864 askofu William Tozer, akiwa pamoja na Edward Steere, alihamishia makao Unguja. Sultani aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi mwaka 1879.

Baada ya soko kufungwa, padre Arthur West alinunua sehemu ya uwanja kwa ajili ya misheni. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873. Steere, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1874, ndiye aliyesimamia kazi kwa karibu, na kanisa lilianza kutumika kwa ibada kabla ya kifo chake mwaka 1882. Amezikwa nyuma ya altare.

Steere anakumbukwa pia kwa kazi yake ya lugha. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na mkusanyo wa hadithi za Unguja, akaanza kutafsiri Biblia. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891. Lahaja hiyohiyo, Kiunguja, ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Mtindo wa jengo

Usanifu wa Kigothi ulianza Ufaransa katika karne ya 12, hasa katika kanisa la Saint-Denis karibu na Paris. Alama zake kuu ni matao yaliyochongoka juu, mbavu za mawe zinazobeba dari, nguzo za nje zinazoegemeza kuta, na madirisha makubwa yenye vioo vya rangi. Tao lililochongoka husukuma uzito chini zaidi kuliko tao la duara. Kwa hiyo kuta ziliweza kuwa nyembamba, na nafasi ya mwanga ikapatikana.

Katika karne ya 19 mtindo huo ulipendwa upya Ulaya. Kanisa kuu la Köln nchini Ujerumani, lililoanzwa mwaka 1248, lilikamilishwa mwaka 1880 tu, yaani miaka ileile kanisa la Mkunazini lilipokuwa likijengwa. Wamisionari walibeba mtindo huo hadi Afrika. Mfano mwingine nchini Tanzania ni Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki jijini Dar es Salaam, lililojengwa kati ya miaka 1897 na 1902.

Mkunazini, mgeni huona Ugothi katika madirisha marefu yaliyochongoka na katika mnara. Lakini mawe yenyewe ni ya matumbawe, kama yale ya nyumba nyingine za Mji Mkongwe, na baadhi ya mapambo yanafuata ufundi wa Kiarabu. Paa nalo si la Kigothi. Halina mbavu za mawe, bali limepinda kama nusu ya pipa lililolazwa. Limemiminwa kwa mchanganyiko wa saruji na matumbawe yaliyopondwa, na wakati wa ujenzi watu wengi waliamini kwamba lingeanguka. Bado limesimama.

Karibu na mahali pa ubatizo kuna nguzo fupi zilizosimamishwa juu chini. Inasimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Steere alipokuwa safarini, kwa kuwa hawakuwahi kuona nguzo za aina hiyo, naye aliporudi akaziacha zilivyo.

Vitu vya kutazama ndani na nje

Mbele ya altare sakafuni kuna alama ya duara. Kwa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko.

Ndani kuna msalaba wa mbao iliyotoka kwenye mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo. Livingstone alifariki Chitambo mwaka 1873. Wenzake Waafrika, wakiwemo Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti huo, kisha wakaubeba mwili hadi pwani ya Bagamoyo. Mwili ulizikwa mwaka 1874 katika Westminster Abbey, London, ambalo nalo ni kanisa la Kigothi. Madirisha na vibao vya ukutani vinawakumbuka Livingstone na mabaharia Waingereza waliokufa wakizuia majahazi ya watumwa.

Uani kuna sanamu ya ukumbusho iliyotengenezwa na msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka 1998. Inaonyesha watu watano waliosimama ndani ya shimo, wakiwa wamefungwa minyororo shingoni.

Yanayosimuliwa na yanayothibitika

Pembeni ya kanisa, chini ya jengo lililowahi kuwa hospitali ya misheni, kuna vyumba viwili vyenye dari fupi. Waongozaji wengi huwaeleza wageni kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Baadhi ya wanahistoria wanapinga maelezo hayo. Jengo la juu lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo wanaona vyumba hivyo kuwa vilitumika kama ghala.

Ubishi huo hauhusu kuwepo kwa soko, ambalo limeelezwa na mashahidi wengi wa wakati wake na kutajwa katika mikataba. Unahusu jengo moja tu. Ni muhimu kwa sababu kisa kisichothibitika kinaweza kumfanya mgeni atilie shaka hata yale yenye ushahidi. Maelezo ya waliopitia mateso yapo: mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha simulizi za wavulana wa shule ya misheni ya Kiungani, wakieleza wenyewe jinsi walivyokamatwa na kuuzwa. Katika miaka ya 2010 jengo la kanisa lilikarabatiwa, na kituo cha maonyesho kuhusu utumwa kikafunguliwa kando yake.

Uhusiano na Usambara

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Usambara ilikuwa ufalme wa Wakilindi wenye makao Vuga, kusini mwa Lushoto ya leo. Johann Ludwig Krapf alifika kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848 na tena mwaka 1852. Kimweri alipofariki mwaka 1862, watu wa ukoo wake waligombania utawala. Semboja, mwanawe, alijiimarisha Mazinde, kwenye tambarare karibu na njia ya misafara. Wabondei wa chini ya milima wakawaasi Wakilindi. Vita hivyo vilitoa mateka, na bunduki zilinunuliwa kwa watu. Njia ya kwenda pwani iliishia Pangani, na ng'ambo yake ni Pemba na Unguja.

Katika hali hiyo padre Charles Alington wa UMCA alipanda hadi Vuga mwaka 1867 kuomba ruhusa ya kujenga. Matokeo yake yalikuwa kituo cha Magila, katika Wilaya ya Muheza ya leo, ambacho baadaye kiliitwa pia Msalabani kwa jina la kanisa lake la Msalaba Mtakatifu. Kiwanda cha uchapaji cha Msalabani kilichapa, kuanzia mwaka 1895, sehemu za Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi, kitabu kikuu cha Kiswahili kuhusu ufalme wa Usambara.

Katika milima yenyewe walifuata Walutheri kutoka Ujerumani, walioanza Mlalo mwaka 1891 chini ya Ernst Johanssen na Paul Wohlrab. Mwaka 1896 kituo cha Lutindi kilifunguliwa kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Baadaye kikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hivyo, zaidi ya miaka 20 baada ya soko la Mkunazini kufungwa, Usambara bado ilihitaji nyumba ya watoto wa namna hiyo.

Kutembelea

Kutoka Lushoto barabara hushuka kilomita 33 hivi hadi Mombo, kwenye barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam boti za kasi huvuka hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Kanisa liko mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Darajani.

Wageni hulipa kiingilio, nao wanaweza kuongozwa. Kanisa ni nyumba ya ibada inayotumika, na ibada za Jumapili huendeshwa kwa Kiswahili. Mavazi ya kufunika mabega na magoti yanafaa, kanisani na pia katika mitaa ya Mji Mkongwe, ambao wakazi wake wengi ni Waislamu. Wanaosali hawapigwi picha bila ruhusa. Ukumbusho wa uani ni mahali pa kuwakumbuka wafu, na haufai kukaliwa wala kuchezewa.

Anayetaka kufuatilia historia hii hadi milimani anaweza kuendelea Magila, Vuga, Mlalo na Lutindi, zote katika Mkoa wa Tanga.