Kwikwi ya Dakika Tano na Kwikwi ya Siku Tatu

Mtoto mchanga akishikwa na kwikwi, kuna bibi atakayechomoa uzi kwenye kanga, aulowanishe kwa mate na kumbandika mtoto kwenye paji la uso. Punde kwikwi hukoma na uzi hupata sifa. Lakini kwikwi nyingi hukoma zenyewe, uzi uwepo usiwepo. Ndiyo maana kila ukoo una dawa yake, na kila dawa ina mashahidi.

Kwikwi huanzia kwenye kiwambo, msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Tukivuta pumzi, kiwambo hushuka na hewa huingia taratibu. Kwenye kwikwi, msuli huo hujikaza ghafla bila hiari yetu na hewa huingia kwa kasi. Kabla hata sehemu ya kumi ya sekunde haijapita, nyuzi za sauti kooni hujifunga na kuizuia. Hapo ndipo unaposikika ule mlio.

Neva zinazohusika zaidi ni mbili: freniki, inayokiendesha kiwambo, na vagasi, inayotoka kwenye ubongo, kupita shingoni na kifuani hadi tumboni. Kwa kuwa vagasi ina safari ndefu, vya kuichokoza ni vingi: tumbo lililojaa kupita kiasi, soda, pombe, pilipili, kula harakaharaka. Hata mtoto aliye tumboni mwa mama hupata kwikwi.

Dawa za nyumbani zenye mantiki huzigusa neva hizohizo. Ukizuia pumzi kidogo, hewa ya kabonidayoksaidi huongezeka katika damu na kwikwi huelekea kupungua. Kumeza maji baridi mfululizo au kusukutua koo huishughulisha vagasi. Kukaa ukiwa umekunja magoti hadi kifuani hukibana kiwambo. Mbinu hizi si mpya. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Symposium, cha zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, tabibu Eryximachus anamshauri Aristophanes azuie pumzi, asukutue koo, na ikishindikana ajichokoe pua apige chafya. Chafya ndiyo inayomponya.

Mtoto mchanga mbebe wima na umcheulishe. Aliye chini ya miezi 6 usimpe maji kwa ajili ya kwikwi, kumnyonyesha kunatosha.

Kwikwi inayozidi saa 48 ni habari nyingine. Huenda ni asidi inayopanda kutoka tumboni, figo zilizoshindwa kazi, tatizo la ubongo, au dawa kama deksamethasoni. Mmarekani Charles Osborne wa jimbo la Iowa alianza kupata kwikwi mwaka 1922, na haikukoma hadi 1990. Kisa chake ni cha nadra mno, lakini hata kwikwi ya siku chache humnyima mtu usingizi na chakula. Daktari hutafuta chanzo kwanza, na akiona haja huandika dawa kama baklofeni au klopromazini, ambazo si za kujinunulia dukani.

Ukienda hospitali, mweleze daktari kwikwi ilianza lini, unatumia dawa gani, na kama huendelea hata ukiwa usingizini. Ikija pamoja na maumivu ya kifua, ulimi kuwa mzito au upande mmoja wa mwili kulegea, usihesabu saa 48. Nenda mara moja.