Bao Lililochongwa Mwambani

Karibu na mji wa Nakuru kipo kilima kidogo kiitwacho Hyrax Hill, yaani Kilima cha Pimbi. Bibi Mary Leakey alipoanza kuchimba hapo mwaka 1937, aliyakuta makaburi ya kale na bakuli za mawe. Yako pia mashimo yasemekanayo kuwa mazizi ya ng'ombe ya watu waitwao Sirikwa. Lakini kinachomsimamisha mgeni ni bao lililochongwa katika mwamba wenyewe: waliolichonga walijua kuhesabu na kushindana kwa akili. Asemaye kwamba wazee wa zamani hawakuacha kitu, na apande akaone. Nawe mkulima, jembe likigonga kigae au jiwe lililochongwa, usilitupe. Peleka habari kwa wakuu wa makumbusho.