Mlio wa Injini na Tanakali za Sauti: Ushahidi wa Dereva mbele ya Fundi

Katika Kitui na Makueni, gari kuukuu haliitwi chakavu madhali lingali linapanda vilima vya Mbooni au kufika sokoni Mutomo na mzigo wake. Aghalabu gari hilo ndilo riziki ya nyumba nzima. Kwa hiyo, injini inapoanza kutoa mlio usioeleweka, swali linalomkabili mwenyewe ni zito: je, ni kasoro ndogo ya kurekebishwa kwa bisibisi, au injini inakufa? Makala haya yanafafanua jinsi swali hilo linavyojibiwa, na kuonyesha kwamba chombo cha kwanza cha uchunguzi ni lugha.

Dereva hafiki kwa fundi na kipimo. Hufika na neno. Wanafunzi wengi huzijua tanakali za sauti kama pambo la insha. Chini ya boneti, tanakali ni ushahidi. "Ti-ti-ti" nyepesi, itokayo juu ya injini, huelekeza fikira kwenye valvu. "Ndu! ndu!" nzito, itokayo chini, huelekeza kwenye beringi za kranki. Hata mwendo wa tanakali una maana: kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka mara 1 kila kranki inapozunguka mara 2. Ndiyo maana mlio wa valvu huwa na mapigo machache kuliko mzunguko wa injini yenyewe.

Baada ya namna ya mlio, fundi huuliza wakati wake. Mlio unaosikika asubuhi na kufifia injini ipatapo moto huenda ukatokana na pistoni iliyolegea ndani ya silinda, au gasketi ya ekzosi inayovujisha moshi. Chuma kikipata joto hutanuka na kuziba mwanya. Mlio kama wa misumari ndani ya mkebe, unaozuka garini likipanda mlima na mzigo, mara nyingi huashiria petroli inayolipuka yenyewe kabla ya moto wa plagi kuifikia. Chanzo chaweza kuwa petroli duni, cheche inayowahi mno au joto la kupita kiasi. Mlio mkali wa "nyiii!" ukibadilika pindi mkanda wa feni unyunyiziwapo maji kidogo, basi mshukiwa ni mkanda.

Swali la tatu ni mahali. Fundi huchukua bisibisi ndefu, akagusisha ncha yake kwenye injini mbali na feni na mkanda, akaweka kipini karibu na sikio. Chuma humletea sauti ya sehemu ile tu. Kanuni hii ni jamaa ya ile ya kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua, kilichobuniwa na René Laennec nchini Ufaransa mwaka 1816. Kwa injini ya petroli, fundi huweza pia kuizima silinda moja moja kwa kukata cheche yake. Ikiwa kishindo kitapungua silinda fulani inapozimwa, beringi ya konrodi ya silinda hiyo ndiyo ishukiwayo.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kishindo kizito kikisikika kati ya Emali na Wote, busara ni kuzima injini papo hapo na kupima oili, wala si kujikaza hadi mjini. Beringi iliyokosa oili huukwaruza mhimili wa kranki, na konrodi ikikatika yaweza kutoboa ubavu wa injini. Hapo kazi ya kubadilisha beringi hugeuka kuwa kununua injini nyingine.

Dereva asemaye tu kwamba gari "linalia" humwachia fundi kazi ya kubahatisha. Asemaye kwamba linagonga, linakwaruza, linakoroma au linafoka, na kwamba hufanya hivyo likiwa baridi au likiwa mlimani, amekwisha kufanya nusu ya uchunguzi. Istilahi hizi zimo vinywani mwa madereva na mafundi wa jua kali wa Kitui na Makueni, ambao wengi wao huzungumza Kikamba nyumbani na Kiswahili gereji. Mtafiti wa tanakali atakayeketi nao atapata data ambayo usahihi wake hupimwa kila siku: injini ikifunguliwa, neno huthibitika au hukanushwa.