Kipozeo na Ukinzani wa Joto: Istilahi za Taa za Diodi

Taa za diodi zitoazo mwanga, ambazo madukani huitwa LED, zimeenea majumbani, maofisini na barabarani, na pamoja nazo zimekuja karatasi za maelezo ambazo wafasiri hawana budi kuzishughulikia. Tuliwahi kuletewa tafsiri ya zabuni ya taa za nje zenye nguvu kubwa. Lugha yake ilikuwa safi. Hata hivyo, safu moja ya jedwali, ambayo ilistahili kuitwa "ukinzani wa joto", iliandikwa "uwezo wa kupoza". Mnunuzi aliyeliamini jedwali hilo angechagua tarakimu kubwa kuliko zote, nayo ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Ili kosa hilo lieleweke, yafaa kulitazama jambo lenyewe kabla ya maneno yake. Balbu ya waya hutupa sehemu kubwa ya joto lake nje pamoja na mwanga, kwa njia ya mnururisho. Diodi haifanyi hivyo. Mwanga wake hauunguzi mkono, na kwa sababu hiyo watu hudhani kwamba taa yenyewe haipati moto. Kumbe sehemu kubwa ya umeme inaoutumia, mara nyingi nusu au zaidi, hugeuka joto ndani ya kipande chenye upana wa milimita chache tu, na joto hilo hutokea nyuma. Likizuiliwa, mwanga hufifia, rangi hubadilika na umri wa taa hupungua. Kwa diodi ndogo ionyeshayo kwamba redio imewashwa, hili si neno. Kwa diodi ya wati 1 na kuendelea, ndilo jambo la kwanza.

Kazi ya kulitoa joto hilo hufanywa na kipande cha metali chenye mapezi, ambacho taa hufungwa juu yake. Wapo wanaokiita "sinki la joto" kwa kuandama sura ya neno la kigeni. Jina hilo hatulipendi, kwani sinki kwetu ni la kuoshea vyombo. "Kipozajoto" ni afadhali, lakini nalo lina kasoro: mtu apozaye chai hapozi joto, hupoza chai. Huimimina kisahanini ili uso wake upanuke na hewa iuchukue moto. Mapezi nayo hufanya kazi iyo hiyo. Kwa hiyo sisi twapendekeza "kipozeo", neno lililoundwa kwa njia ya "kichezeo", ambalo halimfanyi msomaji adhani kwamba kifaa hiki huzalisha baridi kama jokofu. Kipozeo cha namna hii hakiwezi kuishusha taa chini ya halijoto ya hewa inayokizunguka.

Tumesema halijoto, wala si joto. Joto linalotoka katika taa hupimwa kwa wati. Halijoto hupimwa kwa digrii. Ukinzani wa joto huyaunganisha mawili hayo: hueleza halijoto hupanda digrii ngapi kwa kila wati moja inayopita. Tuseme taa hutoa joto la wati 10, hewa ni ya digrii 35, na twataka kiini cha diodi kisizidi digrii 85. Tofauti ni digrii 50, yaani digrii 5 kwa kila wati kwa safari nzima ya joto. Ikiwa diodi yenyewe yachukua 1.5 na kiungio 0.5, kipozeo kimebakiziwa 3. Akichagua chenye 8 kwa kudhani kwamba kikubwa ndicho bora, kiini kitafika digrii 135.

Vipozeo vingi ni vya alumini. Shaba hupitisha joto vizuri zaidi, lakini ni nzito zaidi ya mara tatu kwa ujazo ule ule, na bei yake yajulikana.

Neno jingine liletalo hasara ni lile la dutu ipakwayo baina ya diodi na kipozeo. Wafasiri wengine huiita "gundi". Fundi akisoma gundi hupaka nyingi, akaacha skrubu zikiwa legevu. Lakini dutu hii aghalabu haishikizi kitu. Kazi yake ni kujaza vijishimo ambamo hewa, ambayo ni mpitishaji hafifu mno, ingekaa. Yenyewe hupitisha joto kidogo sana kuliko alumini, hivyo hupakwa nyembamba na skrubu hukazwa. Tungeiita "mafuta mazito ya kupitishia joto". Ni maneno mengi, lakini hayampotezi fundi.

Mwisho, maelezo yakisema kwamba mapezi yawe wima, mfasiri asiandike "yasimame" tu. Pezi laweza kusimama juu ya bamba lililolazwa, na hata juu ya bamba lililosimamishwa likakaa kwa kukingama, likaizuia hewa ya moto inayopanda. Aandike kwamba nafasi zilizo kati ya mapezi zielekee kutoka chini kwenda juu.