Kindu: Hesabu ya darasa la saba inayogusa damu ya watoto

Mjini Kindu, mtoto wa darasa la saba au la nane anajifunza uwiano, ule ambao daftarini unaandikwa kwa Kifaransa rapport. Ametumwa sokoni mara nyingi, kwa hiyo bakuli tatu za mchele kwa bakuli moja ya maharagwe hazimsumbui. Ugumu unaanza pale uwiano unapogeuka kuwa uwezekano. Moja kwa tatu si moja kati ya tatu: bakuli zote pamoja ni nne, basi maharagwe ni robo.

Robo hiyo hiyo inazungumzwa katika familia zenye drepanositozi, ugonjwa wa damu wa kurithi ulioenea sana nchini Congo. Baba na mama wakiwa wote AS, wao wenyewe si wagonjwa, lakini kwa kila mtoto uwezekano wa kuwa SS, yaani mgonjwa, ni moja kati ya nne. Ni rahisi kusikia hivi: tukizaa wanne, mmoja atakuwa mgonjwa, watatu wazima. Na kama wa kwanza ni SS, deni limeshalipwa.

Sivyo.

Vitabu hupenda kufundisha uwezekano kwa kurusha sarafu, lakini sisi hapa franka zetu ni noti tupu. Karatasi zinatosha. Andika A kwenye moja na S kwenye nyingine, uzitie katika kofia ya baba. Fanya vilevile kwa mama. Chukua moja kila upande bila kuangalia. Matokeo ni manne: A na A, A na S, S na A, S na S. Kisha zirudishe zote, maana kila mimba inaanza upya. Karatasi hazikumbuki mtoto aliyetangulia.

Rudia mara nne, kama nyumba ya watoto wanne. Kati ya familia 100 za namna hiyo, tutarajie takriban 32 zisizo na mgonjwa hata mmoja, 42 zenye mmoja, na 26 zenye wawili au zaidi. Katika hizo 26 ni rahisi mama kusingiziwa mkosi au uchawi, wakati kila mzazi ametoa S yake.

Wachumba wanaotaka kujua mapema hupimwa damu kwa elektroforezi. AS akioana na AA, hawazai mtoto SS: katika kofia moja hakuna S ya kuchukua.