Safari kati ya dripu na dripu

Dawa za saratani zinazoingizwa kwenye mshipa, ambazo wagonjwa huziita kemo au dripu tu, hutolewa kwa mizunguko. Ulio wa kawaida zaidi ni wa siku 21: siku moja au chache za dawa, kisha karibu wiki tatu bila dawa. Pengo hilo halikuwekwa kwa ajili ya mapumziko. Dawa hizi huua seli zinazogawanyika kwa kasi, na seli za namna hiyo zimejaa pia kwenye uboho wa mifupa, unakotengenezwa damu. Wiki hizo ni muda wa uboho kujijenga kabla ya kupigwa tena. Anayetaka kwenda kwao kwa Idi au Krismasi, au kupunga upepo tu, hana budi kujua damu yake iko wapi siku ile atakayopanda basi.

Siku mbili tatu za kwanza ni za kichefuchefu na uchovu. Mabaki ya dawa hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi kwa takriban saa 48, kwa hiyo siku hizo zipite nyumbani, si kwa mwenyeji mwenye mimba au watoto wachanga. Kisha hali hutulia, hamu ya chakula hurudi, na hapo ndipo wengi hukosea kufunga mizigo. Kati ya siku ya 7 na ya 14, mgonjwa akijiona ana nguvu, chembe nyeupe za damu, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, huwa zimeshuka kupita wakati mwingine wowote wa mzunguko. Wiki ya tatu huwa zimepanda. Hiyo ndiyo wiki ya kusafiri, ilimradi zibaki siku moja au mbili za kurudi na kupima damu kabla ya dripu inayofuata. Mzunguko wa siku 14 una nafasi finyu zaidi. Dawa nazo hazifanani, kwa hiyo tarehe ithibitishwe na daktari kabla ya kukata tiketi.

Mionzi ina hesabu nyingine kabisa. Kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa, na mpangilio huo ni sehemu ya tiba. Seli za saratani zilizosalia zikipewa mwanya huzaliana kwa kasi zaidi. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza miongoni mwa wanawake wa Tanzania, mionzi ya nje na ya ndani hutakiwa kukamilika ndani ya wiki 8, na kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe. Mama aliyetoka Kigoma au Lindi, akakaa Dar es Salaam wiki nenda wiki rudi, huwatamani watoto wake, na hamu hiyo ni haki yake. Lakini ni bora watoto waletwe kuliko yeye kukatisha. Jumamosi na Jumapili ni zake. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ng'ambo tu ya barabara kutoka baharini, na matembezi ya jioni ufukweni hayavurugi ratiba ya mtu. Likizo ndefu isubiri mionzi iishe, na wiki chache zaidi, maana uchovu na michubuko ya ngozi huweza kuendelea kuzidi hata baada ya siku ya mwisho.

Vidonge kama tamoxifen na imatinib husafiri na mgonjwa, naye huvimeza kila siku huko aliko. Katika baadhi ya saratani zilizosambaa, daktari huweza kusimamisha dawa kwa muda ili mwili upumue. Huo ni uamuzi wa kitabibu, na hauchukuliwi kimyakimya nyumbani.

Njiani, hatari isiyosemwa sana ni damu kuganda miguuni. Saratani yenyewe huongeza hatari hiyo, na kukaa kwenye kiti zaidi ya saa nne huizidisha. Mgonjwa ateremke kila basi linaposimama, atembee, anywe maji. Maziwa mabichi na kachumbari ya barabarani aviache. Ngozi iliyopigwa mionzi isipigwe na jua. Anayevuka mpaka kutoka Kenya au Uganda kuja Tanzania akumbuke cheti cha homa ya manjano: chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, hivyo haitolewi katikati ya kemo. Barua ya daktari ya msamaha iombwe mapema.

Kubwa kuliko yote ni homa. Kwenye nchi zenye mbu, joto likipanda mtu humeza dawa ya malaria na kulala. Kwa aliye kwenye kemo, joto la nyuzi 38 huweza kuwa maambukizi kwenye damu isiyo na askari, yanayoweza kuua kwa saa chache. Kipimo cha malaria kifanywe, lakini antibiotiki za mshipa zianze ndani ya saa moja, bila kungoja asubuhi. Paracetamol isimezwe kabla ya kupima joto, kwani huificha homa. Ndiyo maana Moshi au Mwanza, kwenye hospitali za KCMC na Bugando, ni salama kuliko kisiwa ambacho boti yake hupita mara moja kwa siku.

Kipimajoto kiwe mkobani, pamoja na dawa zote katika vyombo vyake na barua ya kliniki, hasa kama ipo morfini. Barua itaje ugonjwa, majina ya dawa, simu ya kliniki na tarehe ya dripu ya mwisho. Daktari wa zamu katika mji mgeni atahesabu siku kuanzia tarehe hiyo.